Bahari Iko Upande wa Kulia

Picha ya kwanza ilimnyamazisha Nyambura. Alikuwa amekuja Märsta, kaskazini mwa Stockholm, Uswidi, kumtafuta mtu aliyepotea, si kutazama mandhari, lakini alijikuta ameishika simu ya mwenye nyumba kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa kitoto kichanga. Nyumba za rangi ya papai na waridi zilikuwa zimeng'ang'ania jabali, moja juu ya bega la nyingine, na chini yake bahari ilikuwa imetanda hadi upeo wa macho.  Friji ya jikoni ilinguruma, ikanyamaza.

"Ndivyo zilivyo zote," alisema Emérithe. "Nzuri hadi zinatisha."

Emérithe alikuwa mama wa miaka sitini na mitatu, mzaliwa wa Bujumbura, mwembamba, na kitenge chake alikifunga kwa fundo moja lisilolegea. Mumewe, Léonidas, alikuwa amestaafu kazi ya kusafisha ndege katika uwanja ulio jirani. Siku kumi na nane zilizopita alikodi gari-nyumba, lile lenye kitanda na jiko ndani, akaaga kwamba anakwenda Italia peke yake kufuata pwani kutoka kaskazini hadi kusini.

"Siku tatu za kwanza za pwani aliandika chini ya kila picha," Emérithe aliendelea. "*Imana ishimwe, Mama Bella, tazama.* Mungu asifiwe. Siku ya nne maneno yakaisha. Picha zinakuja tu. Nikipiga, hapokei. Leo ni siku ya kumi na mbili sijasikia hata kikohozi chake."

"Mama, mwambie na hizi zilizopinda," alisema Bella, binti yao. Alikuwa ameegemea sinki, kompyuta ameishika mkononi, na kwenye kioo chake ilikuwa imefunguliwa fomu ya polisi ya kuripoti mtu aliyepotea. Hakungoja mama aseme. "Baba hunyoosha fremu za picha kwenye nyumba za watu. Kwa daktari wa meno alipanda kiti akanyoosha kalenda, mimi nikijificha kwa aibu. Halafu tazama."

Nyambura alitazama. Kuanzia siku ya nne bahari ilikuwa imeinama, mara kulia, mara kushoto, kama chai katika kikombe kilichobebwa na mlevi. Kwenye picha moja kidole kilifunika nusu ya mbingu.

"Huyu si baba," alisema Bella. "Simu yake iko kwa mtu mwingine. Na kama iko kwa mtu mwingine, yeye yuko wapi?"

Emérithe aliondoa kikombe ambacho hakuna aliyekimaliza.

"Saa kumi naituma fomu hii," Bella alimalizia. "Wakalisimamishe hilo gari popote lilipo, na yeyote aliye ndani akajieleze."

"Saa kumi ni sawa," alisema Nyambura, akatoa daftari lake. "Kabla ya hapo, nina maswali."

Kwa miaka minane kazi yake ilikuwa kutafuta watu: mashahidi waliohama, ndugu waliopoteana kambini, waume waliokwenda dukani wakanogewa. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja kule Alby. Alijifunza kuanza na swali ambalo familia huliona la kipuuzi.

"Kwa nini Italia?"

Mama na binti walitazamana. Kisha Emérithe alikwenda chumbani akarudi na daftari la shule lenye gamba gumu, lililokuwa juu ya kabati.

"Miaka ishirini na miwili alisafisha ndege," alisema. "Abiria wanaacha magazeti kwenye mifuko ya viti. Kazi yake ilikuwa kuyatupa. Akiona picha ya bahari ya Italia, anaichana, anaweka kwenye soksi, analeta nyumbani. Nilimuuliza, bahari ziko nyingi, kwa nini hiyo tu? Akasema, sehemu nyingine bahari inakutana na nchi kavu. Pale zinagombana, halafu zinapatana."

Nyambura alifungua. Picha kumi na moja, zimebandikwa kwa gundi, moja kila ukurasa, na jina la mahali limeandikwa kwa herufi kubwa. Aliiweka simu kando ya daftari akaanza kulinganisha, ukurasa kwa ukurasa, bila haraka. Zile nyumba za papai zilikuwa ukurasa wa kwanza. Picha ya juzi ilikuwa ukurasa wa nane. Ya jana, mji juu ya mlima unaodondokea baharini, ilikuwa ukurasa wa tisa: MARATEA. Zilibaki mbili, Tropea na Scilla.

"Mwizi wa simu," alisema, "hawezi kufuata daftari lililo juu ya kabati lako."

Emérithe aliketi. Ilikuwa mara ya kwanza asubuhi hiyo.

"Basi ni yeye?"

"Ni yeye, au ni mtu anayeyajua yaliyo moyoni mwake. Bella, nipe bahasha yoyote."

Nyuma ya bahasha Nyambura alichora Italia, kiatu kirefu kilicholala, akaweka alama kwenye goti na nyingine kwenye kidole. "Anatoka huku, anashuka huku. Bahari anayoifuata iko magharibi. Ukishuka kusini, magharibi ni mkono gani?"

"Kulia," alisema Bella.

"Na Italia wanaendesha kama hapa. Dereva anakaa?"

"Kushoto." Bella aliweka kompyuta chini.

"Sasa tazama." Nyambura alikuza picha kwa vidole viwili. Kona ya chini ilionyesha kioo cha pembeni cha gari, na nyuma ya ukingo wa barabara majani yalikuwa yamevutika kwa mwendo. "Gari linakwenda. Bahari iko upande wa kulia, na kioo hiki ni cha kulia. Aliyepiga amekaa kiti cha abiria. Kwa hiyo mpiga picha haendeshi, na anayeendesha hapigi picha. Wako wawili."



"Mwanamke," alisema Emérithe.

"Mama!"

"Nyamaza. Nina miaka sitini na mitatu, najua hesabu za watu wawili kwenye gari lenye kitanda."

 Kidole cha Nyambura kilikuwa kikipapasa gamba la nyuma la daftari, ambalo lilikuwa nene kuliko la mbele. Karatasi ya ndani ilikuwa imebandikwa upya kwa gundi ileile. Aliingiza kucha, akavuta barua iliyokunjwa mara nne, ya Kiswidi, yenye nembo ya serikali. Alimpa Bella.

Bella alisoma kimoyomoyo, midomo ikicheza, kisha akamtafsiria mama yake. "Wanasema arudishe leseni yake ya kuendesha. Mwezi wa pili. Kwa sababu za kiafya."

"Afya gani?"

"Haijasema, Mama."

"Nalala na mtu huyu kila siku. Afya gani?"

 Nyambura alirudi kwenye simu, akapitia upya picha arobaini na moja, safari hii akitafuta zile ambazo bahari haipo. Ilikuwa moja tu, ya siku ya sita, kama iliyopigwa kwa bahati mbaya: jiko la ndani ya gari, moto wa buluu, sufuria ya aluminiamu isiyo na mikono, na ndani yake chai ya maziwa imepanda hadi ukingoni. Kando ya jiko kulikuwa na vipande viwili vya boksi la maziwa, vimekunjwa mara mbili, vimeungua pembeni.

"Mzee hunywa chai ya maziwa?"

"Maziwa?" Emérithe alikaribia kucheka. "Yanamvuruga tumbo hadi majirani wanajua."

"Na sufuria ya moto wewe unaishika kwa nini?"

"Kwa kitenge. Kwa nini kingine?"

"Mswidi angeshika kwa glavu ya jikoni. Hivi vipande vya boksi ni vya kwetu. Mama yangu anavyo droo nzima, hatupi hata kimoja. Mama Bella, kwenye gari hilo kuna Mkenya."

Wakati huo ilikuwa saa nne na robo.

*

Obiero, aliyemkodisha Léonidas lile gari, alikuwa na yadi Hagsätra, kusini mwa Stockholm, mwisho kabisa wa reli, lakini mlango ulikuwa na kufuli. Nyambura alingoja kwa muda wa saa mbili akiwa amekaa kwenye tairi. Ilipofika saa saba na nusu Obiero aliingia na gari la kuvuta magari mabovu, kicheko chake kikitangulia.

"Inspekta wa Nyeri! Nani amekosa tena? Ngoja nikuwekee chai. Lakini kwangu ni ya rangi, usianze kuuliza ng'ombe yuko wapi."

"Ya rangi ni sawa, ndugu yangu."

Alipoingia ndani kuchemsha maji, Nyambura alilizunguka gari-nyumba jeupe lililoegeshwa uani. Lilikuwa pacha wa lile lililokodishwa. Alilijua kwa pazia la mistari lililoonekana kwenye picha. Alifungua mlango wa dereva, akainama, akasoma kibati kilichopigiliwa kwenye kizingiti. Alinakili tarakimu, akafunga mlango taratibu.

"Mzee Léonidas alikuja na nani kuchukua gari?" aliuliza Obiero aliporudi na vikombe.

"Peke yake. Mimi mwenyewe nilimfundisha kumwaga choo. Alishika pua kama waziri aliyetembelea soko."

"Akaliendesha kutoka hapa?"

"Akaliendesha."

"Akapita kwenye lile geti?"

"Kama maji."

"Kibati mlangoni kinasema tani nne na kilo mia mbili. Ikizidi tatu na nusu, nchi hii inataka leseni ya malori."

Obiero alipuliza chai yake. "Hizo sheria, dadangu, wewe unazijua kuliko mimi."

"Léonidas alikuwa na leseni ya gari dogo. Na hiyo aliirudisha mwezi wa pili."

Obiero aliacha kupuliza.

"Kwa hiyo nisikilize," alisema Nyambura. "Ama ulimpa tani nne mtu asiye na leseni yoyote, na saa kumi Bella anaandika hivyo kwenye fomu ya polisi. Ama yupo dereva wa malori, Mkenya, anayechemsha chai na maziwa na kushika sufuria kwa boksi. Chagua."

"Nyambura, wewe ni mtu mbaya."

"Jina."

"Niliapa."

"Kwa nani?"

"Kwa wote wawili! Walisimama hapo ulipo, kila mmoja akaniapisha kivyake." Obiero alitazama geti kana kwamba kuna mtu angetokea kumwokoa. "Kuria."

"Kuria yupi?"

"Wa kwaya. Kuna mwingine?"

Nyambura aliweka kikombe chini. Hakukuwa na mtu katika kanisa walilosali wote asiyejua habari ya Kuria na Léonidas. Miaka sita nyuma, kwenye mazoezi ya Krismasi, Léonidas alisema Kiswahili ni lugha ya sokoni na mbele za Mungu wataimba Kirundi. Kuria, aliyekuwa akipiga kinanda, alimwambia lugha hiyo ya sokoni inaweza kubeba mzigo wowote utakaoitwika. Kisha akachomoa waya, akabeba kinanda kwapani, akatoka katikati ya ubeti. Tangu siku hiyo mmoja akiketi safu za kulia, mwenzake huketi kushoto. Kwenye msiba wa mama mmoja walibeba jeneza lilelile bila kusalimiana.

"Mtu na adui yake," alisema Nyambura, "wako peke yao, juu ya majabali, na mmoja ameacha kuongea tangu siku ya nne. Na wewe unanichemshia chai."

"Si hivyo unavyofikiria."

"Ni vipi?"

"Hilo si langu kusema." Kwa mara ya kwanza uso wake haukuwa na kicheko. "Mpigie Kuria. Lakini ngoja karibu na saa kumi. Husimama saa hiyo kila siku, mahali palipo kwenye daftari la mzee. Akiwa barabarani hashiki simu hata apigiwe na malaika."

Treni ilipokuwa inakata Stockholm kuelekea kaskazini, Nyambura alimpigia Kuria mara tatu. Hakuna aliyepokea.

*

Alifika Märsta saa kumi kasoro dakika nane. Fomu ilikuwa imejazwa yote. Kidole cha Bella kilikuwa juu ya kitufe.

"Kuria?" alisema Bella alipoambiwa. "Kuria! Huyo si angemsukuma baba kwenye ngazi za kanisa kama pasteri hayupo? Natuma sasa hivi."

"Nipe dakika nane ulizoniahidi."

"Mpe," alisema Emérithe.

Nyambura alipiga, akaweka simu katikati ya meza, sauti wazi. Iliita mara nne. Mara ya tano ikapokewa, na sauti nene ikanong'ona: "Nani? Ngoja, ngoja. Usikate na usiongee. Niko katikati."

Simu ilisikika ikiwekwa juu ya kitu kigumu. Upepo uliingia jikoni Märsta, na nyuma ya upepo mngurumo mrefu, unaokuja na kurudi. Kisha Kuria akaendelea na alichokuwa akisema, kwa sauti ya mtu anayebeba kitu kinachoweza kuvunjika.

"...tuko juu, mzee. Mji uko kulia kwetu, umekaa ukingoni kabisa mwa jabali, nyumba zimepangana na ukuta wa mwamba hadi hujui mwamba umeishia wapi na nyumba imeanzia wapi. Chini ni mchanga mweupe. Halafu maji."

"Rangi?"

Emérithe aliweka mkono kifuani. Ilikuwa sauti ya mumewe.

"Buluu," alisema Kuria.

"Usiniletee buluu. Buluu ni ya kalamu. Si ulisema lugha yako inabeba kila kitu? Basi ibebe."

"Tulia basi, mzee msumbufu wewe. Karibu na mawe ni kijani, kijani cha chupa ukiielekeza kwenye mwanga. Unaona kokoto chini, moja moja, kama ziko hewani. Mbele yake samawati. Halafu kuna mstari, kama umepigwa kwa rula, na ng'ambo ya mstari ni wino, ule ukiwa bado ndani ya kichupa. Na juu ya wino, vipande vya jua. Maelfu. Vinawaka na kuzima, vinawaka na kuzima, huwezi kukitazama kimoja mara mbili."

"Zinagombana?"

"Zinagombana. Bahari inakuja na hasira zake, inapasuka kwenye jabali, nyeupe pe, halafu inarudi polepole, kama iliyosahau ilikuja kudai nini."

 Bella alikuwa ameondoa kidole kwenye kitufe bila kujua.

"Siku tatu nilizoziona mwenyewe," alisema Léonidas, "hazikuwa nzuri hivi. Ukungu uliziba kila kitu. Ya nne ndiyo macho yakafunga kabisa. Daktari aliniambia nina mpaka Krismasi, akakosea. Haya. Nielekeze, Mama Bella anangoja."

"Inua simu. Kulia. Umezidi. Rudi kidogo. Shusha mkono, unapiga mbingu. Hapo. Bonyeza."

Juu ya meza, simu ya Emérithe ilitetemeka.

Alikawia kuigusa. Alipoigeuza, ilikuwepo: mji ukingoni mwa jabali, mchanga mweupe, maji ya kijani, samawati na wino, kila kitu mahali palepale Kuria alipokiweka kwa maneno, na vyote vimeinama upande mmoja. Bella alianza kulia kwa sauti ndogo. Nyambura alilifunga daftari lake bila kuandika kitu.

Emérithe aliinamia ile simu iliyokuwa katikati ya meza.

"Léonidas."

Kitu kilianguka kule kwenye gari. "Kuria! Umempigia mke wangu?"

"Sikupiga, mzee, naapa, nimepigiwa!"

"Léonidas," Emérithe alirudia. "Picha imepinda."

Mngurumo ulikuja, ukarudi.

"Najua," alisema mzee. "Nilitaka uzione zote wewe kwanza. Ningepokea simu ungejua kwa sauti, na ungeniita nyumbani."

"Ningekuita."

"Basi."

"Imebaki kurasa ngapi?"

"Moja," Kuria alijibu kwa mbali, kwa heshima ya mkwe. "Scilla. Tulipanga kesho, Mama Bella."

"Msiende kesho bila mimi. Kaeni hapo hapo mlipo. Kuria, chai yako ya maziwa usimpe huyo hata tone. Na usimwelezee bahari tena leo. Mwache apumzike. Kesho naeleza mimi, kwa Kirundi, tuone ni nani anayeijua kazi."

Alikata mwenyewe. Alivua kandambili, akazipanga ukutani, akasimama pekupeku katikati ya jikoni akitazama dirisha. Ndege moja ilikuwa inapaa juu ya paa za Märsta, kama zilivyopaa kila robo saa kwa miaka yote aliyoishi pale.

"Bella, futa hiyo fomu ukanitafutie begi la baba yako," alisema. Kisha akamgeukia Nyambura. "Na wewe mwanangu unayejua kila kitu. Kutoka hapa hadi uwanja wa ndege ni dakika ngapi?"

"Kwa basi? Kama ishirini."

"Ishirini," alisema Emérithe. "Alikuwa akienda kila siku, na mimi sikuwahi kuuliza."